Jicho Lililobaki Mpanda

Mzee wa Bendera alikuwa na bendera mbili kwapani, nyekundu na ya kijani, na sindano moja kwenye ukosi wa koti lake la kaki. Sindano hiyo ilikuwa imetungwa uzi wakati wote. Alisema sindano isiyo na uzi ni msumari tu. Ukimwona kwa mbali kwenye stesheni ya Mpanda, amesimama mwisho wa jukwaa na mwili wake mkubwa, ungefikiri ni askari anayengoja adui. Ukimkaribia unakuta anadarizi ua.

Mimi nilikuwa nauza karanga za kuchemsha hapo stesheni. Nilikuwa msichana niliyemaliza darasa la saba, na nyumbani tulikuwa na shamba la karanga na wadogo zangu wengi. Mimi si msemaji. Wenzangu walikimbilia madirisha ya treni wakipiga kelele, "Karanga! Karanga bado za moto!" Mimi nilisimama na sinia langu nikingoja mtu mwenyewe aone. Mzee wa Bendera aliona kila mara, akanunua, akala akiwa amesimama. Aliniita Mtani, kwa sababu yeye alikuwa Mfipa na sisi ni Wanyamwezi, na watani hawapishani kimya kimya.

"Mtani, leo unauza karanga au unazilinda?"

Nilicheka tu.

"Nyie Wanyamwezi mlibeba mizigo mpaka pwani, mkaiacha na midomo yenu hukohuko."

Nilikaa na hilo neno siku nyingi nikitafuta jibu. Siku moja, treni ilipokuwa haijulikani hata imefika wapi, nilimwambia kwa sauti ndogo, "Nyie Wafipa mnasafiri kwa ungo. Treni mnaingoja ya nini?" Alicheka mpaka bendera zikamdondoka. Alikwenda kumwambia bwana stesheni, akamwambia mwenye kibanda cha chai, akawaambia makuli waliolala juu ya magunia. "Amesema! Yule mtoto amesema!" Niliona haya mpaka jioni, lakini haya ya kufurahi.

Treni yetu ilitoka Tabora, na ilifika ilipofika. Watu walikuja na mikeka na sufuria. Mzee wa Bendera ndiye mtu pekee niliyemjua aliyefurahia kuchelewa huko. "Treni ikichelewa, sindano inawahi," alikuwa anasema, halafu anaketi kwenye benchi na kutoa kitambaa mfukoni. Kudarizi alifundishwa miaka ya nyuma katika kituo kidogo cha porini, upande wa Ugalla. Alifundishwa na mke wa bwana stesheni wa huko, aliyechoka kumwona akitembea juu ya mataruma ya reli na kuongea na nyani.

Lakini mtu huyohuyo, abiria akichelewa, alimfokea. "Mama, unatembea kama bibi harusi! Unafikiri treni inakusubiri wewe?"

"Treni yenyewe iko wapi, baba?"

"Haijafika. Lakini wewe umechelewa!"

Kuna makuli waliomcheka kwa kazi yake ya sindano. Mmoja, kijana wa kifua kipana, alimuuliza mbele za watu lini ataanza kusuka nywele. Mzee hakukasirika. Alikunjua bendera nyekundu, akaitandika kwenye goti.

"Hii ni nini?"

"Bendera."

"Ni nguo. Nguo hii nikiinyoosha, treni nzima inasimama. Sasa wewe nguo yako hiyo uliyovaa imesimamisha nini toka asubuhi?"

Yule kijana alichekwa mpaka akaondoka. Baadaye alirudi taratibu kumwomba amdarizie mto wa mchumba wake.

Nyuzi alizitoa kwenye masweta ya mitumba, aliyoyafumua na kuyaviringisha kuwa vidonge. Sweta la shule lililochakaa lilimpa rangi ya udongo, na bendera iliyopauka ilimpa nyekundu ya midomo ya ndege. Mji wetu ulikuwa na mashuka mengi yaliyotoka mikononi mwake, na yote yalikuwa na ugonjwa mmoja: hayakuisha. Kila kitambaa alikiachia kitu kidogo, jani moja, au kidole cha mguu wa jogoo. Bibi harusi mmoja alirudi amekunja sura.

"Babu, njiwa huyu ana mguu mmoja!"

"Atafika tu. Njiwa haendi kwa miguu."

"Mume wangu atasema nini?"

"Mwambie mguu uko stesheni. Mje wote wawili baada ya mavuno, nitautia."

Nao walikwenda kweli baada ya mavuno, na gunia dogo la mahindi, na mwaka uliofuata walikwenda na mtoto. Mzee wa Bendera hakuwa na mke tena wala mtoto karibu, lakini chai ya nyumbani kwake haikunywewa na mtu mmoja. "Kitambaa kikiisha," aliniambia, "mgeni haji tena."

Alikuwa na redio ndogo iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli. Betri zake alizianika juani kama dagaa ili zipate nguvu. Jioni aliiweka dirishani kwenye chumba cha kusubiria, na wote tuliokuwapo tulisikiliza. Kulikuwa na mtangazaji mmoja aliyempenda kuliko wengine. Alikuwa na sauti nzito, tulivu, sauti ya mtu ambaye ameshakula na hana haraka. Huyo ndiye aliyesoma habari, na huyo ndiye aliyesoma matangazo ya vifo. Akianza kusema, Mzee alivua kofia.

Sababu yake alitueleza wote, na zaidi ya mara moja. Alipokuwa kule porini, mama yake alifariki huko Ufipa. Hapakuwa na simu ya kumfikia wala mtu wa kutumwa. Ndugu zake walipeleka tangazo redioni. Jioni hiyo yeye alikuwa nje anafukuza mbuzi kwenye nyuzi zake, na tangazo liliposomwa hakulisikia. Alipoingia ndani, yule mtangazaji akalirudia. Jina la mama, jina la kijiji, na jina lake yeye, mwana aliyeko kwenye reli, afike haraka. Alipanda treni ya mizigo usiku uleule, akapata lori Mpanda, akafika kaburi likiwa bado wazi.

"Matangazo mengine yote aliyasoma mara moja," alisema. "Langu alilirudia. Kwa nini alirudia? Ni nani alimwambia kwamba mimi niko nje na mbuzi?"

Tangu hapo alitaka kitu kimoja duniani, kumshukuru mtu yule uso kwa uso. Umri wa kustaafu ulikuwa unakaribia, macho yalianza kuchoka, na Dar es Salaam ilikuwa mbali. Basi akaamua kumshona. Atamshona sura, kubwa, kwenye pamba nyeupe tunayoiita marekani, aitundike kwanza chumba cha kusubiria watu waione, halafu aitume Dar es Salaam kwa mkono wa mtu wa treni anayeaminika.

Shida ni kwamba hakuna hata mmoja Mpanda aliyewahi kumwona.

"Hilo si shida," alisema. "Tumemsikia wote. Tutasaidiana."

Akaanza kuuliza kila aliyepita, kitambaa kikiwa kwenye duara lake la mti la kukazia. Bwana stesheni alisema lazima ana tumbo kubwa, maana sauti nzito inahitaji ghala. Mfugaji mmoja wa Kisukuma, aliyekuja kupokea ndugu zake, aliweka fimbo chini na kufikiri muda mrefu kama anachagua ng'ombe. "Masikio," alisema. "Mtu anayejua habari za nchi nzima hawezi kuwa na masikio madogo." Mrundi mmoja wa Mishamo aliyeleta maharage kwa baiskeli alitaka shingo ndefu. Mama mmoja wa Kapalamsenga, muuza migebuka mikavu, samaki wa ziwani, hakuwa na shaka yoyote.

"Ana mwanya huyo. Sauti ile inapita kwenye mwanya. Marehemu mume wangu alikuwa hivyohivyo."

"Mama, tunamshona mtangazaji au tunamshona marehemu?"

"Wewe shona mwanya. Mengine utajua."

Kisha Mzee akanigeukia mimi. "Mtani, na wewe unamwonaje?"

Sikuweza kujibu mbele ya watu. Siku ya treni iliyofuata nilimkuta peke yake, nikamwambia, "Macho yake yanatazama chini."

"Kwa nini? Ana haya kama wewe?"

"Si anasoma, babu?"

Aliniangalia, akaangalia kitambaa, akasema, "Kumbe!" Macho akayashona yakitazama chini.

Sura ilipotundikwa, stesheni ilijaa kama siku ya sikukuu. Alikuwa mwanamume mkubwa mweusi mwenye tumbo, shingo ndefu, masikio kama majani ya maboga, na mwanya. Chini yake palikuwa na maneno mawili, SAUTI YETU. Kila mtu alimwona ndugu yake. Wengine walimsalimia wakiingia. Mama wa Kapalamsenga alisimama mbele yake na kapu lake la samaki, akafuta macho, akacheka. Kutumwa Dar es Salaam kukaahirishwa. Kwanza waione watu wa Mishamo, halafu waione waliokuwa shambani, halafu mvua zipite.

Kabla mvua hazijapita, watu wa redio walikuja wilayani kwetu kwa gari lao kurekodi ngoma na mazungumzo ya wakulima. Sisi wa stesheni hatukujua. Gari likaharibika, na mmoja wao akaamua kurudi kwa treni. Aliingia chumba cha kusubiria asubuhi na mkoba mdogo. Alikuwa mfupi, mwembamba, ana kipara na miwani, na shati lilimpwaya. Alisimama mbele ya sura ile kwa muda.

Bwana stesheni alimwuliza, "Unamtazama mkubwa wetu?"

Yule mgeni akauliza, "Ni nani huyu?"

Nilikuwa mlangoni na sinia langu. Maneno hayo matatu yalinifanya nishike fremu ya mlango. Mama mmoja aliyekuwa amelala kwenye mkeka aliketi. Mzee wa Bendera alikuwa nje anadarizi. Nilimwona akisimama taratibu, akivua kofia, kama saa ya matangazo ya vifo.

Aliingia, akamtazama mgeni, akatazama ukutani, akarudi kwa mgeni.

"Sema tena," alisema.

"Niseme nini?"

"Mungu wangu," alisema mama wa mkekani. "Wamempunguza!"

Chumba kikalipuka. Mgeni naye alicheka, akashika tumbo ambalo hakuwa nalo. Alisema masikio yale ni ya baba yake kabisa, kwa hiyo hatukukosea sana. Aliulizwa mwanya uko wapi, akafungua mdomo aonyeshe kwamba haupo. Mzee wa Bendera tu ndiye hakucheka. Aliitoa sura ukutani, akatoa wembe wa kufumulia.

"Keti hapa karibu na dirisha," alisema. "Nitarekebisha. Tumbo utalipata mwenyewe ukizeeka. Shingo si neno. Lakini mtu ni macho, na macho yako hayatazami chini."

Akafumua jicho moja. Treni ilikuwa imeshafika toka alfajiri, na sote tulijua kwamba haitaondoka kabla ya jua kuanza kushuka. Kulikuwa na nafasi ya kutosha. Tulikuwa tunangoja amshukuru. Stesheni nzima ilijua habari ya mama yake, na sasa mtu mwenyewe alikuwa ameketi mbele yake, magoti yao yakigusana. Mzee akazungumza juu ya bei ya uzi. Akazungumza juu ya nyani wa Ugalla. Akamwuliza mgeni kama Dar es Salaam kuna mbuzi. Bwana stesheni alimkonyeza. Mimi nilimkanyaga mguu.

"Mtani, hapo uliposimama ni mimi," alisema, akaendelea na mbuzi.

Mtu aliyeweza kumjibu kuli, mfugaji na bibi harusi alikuwa amekwama kama mimi na sinia langu. Ndipo treni ikapiga honi. Ilikuwa tayari kwa wakati wake, jambo ambalo hatukuwahi kuliona. Abiria walitoka mbio na sufuria zenye ugali mbichi. Mgeni akainuka, akaaga haraka, akapanda. Mzee wa Bendera alitoka na sura mkononi, ina jicho moja na shimo moja, sindano ikining'inia na uzi. Akamtupia dirishani.

"Na jicho lingine?" mgeni alipiga kelele.

"Liko kwangu!"

Treni ikaondoka. Watu walimpa pole Mzee siku nzima. "Treni gani hii inayowahi!" walisema. "Inachelewa maisha yote, inawahi leo!" Yeye alikunja bendera zake.

Baada ya muda, jioni moja, redio ilipomaliza habari, ile sauti ikasema, "Salamu zimfikie Mzee wa Bendera wa stesheni ya Mpanda. Aambiwe nipo salama, na bado naona kwa jicho moja." Tulipiga kelele mpaka mbwa wa stesheni wakabweka. Mzee aliingia ndani na kukaa huko muda mrefu. Alipotoka alikuwa amenawa uso.

Mimi niliolewa Kapalamsenga, na Mzee wa Bendera alinidarizia shuka la harusi, ndege wawili juu ya tawi. Mmoja alikuwa mzima. Wa pili hakuwa na mdomo.

"Huyu ni wewe," alisema. "Mdomo utakuja kuuchukua."

Maisha ya ziwani yana kazi nyingi, samaki na mihogo na mtoto. Ilipita miaka kadhaa kabla sijapata nafasi ya kwenda nyumbani. Niliposhuka Mpanda, shuka langu likiwa kwenye kapu, nikaenda mtaa wa Nsemulwa, ambako Mzee alihamia alipostaafu. Nikapiga hodi.

"Karibu ndani," sauti ikajibu. Haikuwa ya Mzee.

Niliijua kabla sijaingia. Uani, kwenye kigoda, aliketi yule mtu mfupi mwenye miwani, na kikombe cha chai mkononi. Naye alikuwa amestaafu. Alikuja kwa treni kufuata jicho lake. Mzee wa Bendera alikuwa amekonda, na sura ile ya marekani ilikuwa magotini mwake, na ile sindano ya siku ile bado imechomekwa, imeacha doa la kutu. Alikuwa akijaribu kutunga uzi mpya na hauingii. Nilipokea sindano, nikatunga.

"Mtani wangu," alimwambia mgeni. "Hasemi, lakini anaona."

Basi nikaona niseme. Lilikuwa jambo nililokaa nalo toka siku ile, na sikuwahi kumwambia mtu.

"Babu, siku ile treni iliwahi. Lakini treni haiondoki Mpanda bila bendera ya kijani."

Mzee aliinua macho kutoka kwenye kitambaa.

"Aliyepunga ni nani?" nikauliza.

Mgeni aliweka kikombe chini. "Wewe!" alisema. "Kumbe ulinifukuza!"

Mzee wa Bendera alianza kucheka, kicheko kilekile cha kudondosha bendera. "Sikukufukuza. Nilikuwa na neno la kukwambia, likanikwama. Ungeondoka na macho yote mawili, ungerudi Mpanda kufuata nini?"

"Neno gani?"

Hapo nikaogopa kwamba ataanza tena habari za mbuzi. Aliichomeka sindano kwenye kitambaa. Halafu akalisema lote, mama yake, kituo cha porini, tangazo lililorudiwa, kaburi lililokuwa bado wazi. "Nilitupa udongo kwa mkono wangu mwenyewe," alisema. "Kwa sababu ulirudia. Asante."

Mgeni alivua miwani. Alijaribu kukumbuka, tuliona kabisa kwamba anajaribu.

"Mzee wangu, sikudanganyi," alisema mwishoni. "Nilisoma mengi mno. Tuliagizwa tusome mara moja tu. Nilikuwa narudia pale tu nilipokohoa katikati, watu wasipitwe. Nadhani siku ile nilikohoa."

Mzee wa Bendera alifikiri.

"Basi," alisema, "asante kwa kikohozi."

Tulicheka hadi jirani akachungulia juu ya ua. Kisha Mzee akashona. Alishona polepole, akimwangalia mgeni, akiangalia kitambaa, na jicho likatokea, linatazama mbele, lina mwanga mdogo wa uzi mweupe. Jicho lingine lilibaki vilevile, linatazama chini, linasoma. Mgeni alisema asiliguse, kwa sababu alifanya kazi na yote mawili.

Shuka langu nalo alilitandika. Alipotia mdomo wa ndege, alitia uliofunguka.

Mgeni aliinua sura yake juu, akaitazama kwa furaha, kisha akaisogeza karibu na miwani. Shati la yule mtu mkubwa wa ukutani lilikuwa na vifungo safi vya uzi wa bluu mpaka karibu na tumbo. Mahali pa cha mwisho palikuwa na alama ya penseli tu.

"Na hiki?" aliuliza.

Mzee wa Bendera alikuwa ameshachomeka sindano yake kwenye ukosi.

"Hicho," alisema, "uje baada ya mavuno."